Dari Huvuja au Linavuja?

Maji yalipoanza kudondoka sebuleni, Baba Salma alitoa amri moja: anayejua Kiingereza aachiwe simu. Tunakaa ghorofa ya pili, Upanga. Juu yetu kapanga mwalimu Mwingereza, mama mpole ambaye Kiswahili chake kinaishia "asante sana". Asubuhi maji yalikatika, akaenda kazini koki ikiwa wazi, mchana yakarudi. Ufunguo anao yeye, na koki kuu ya jengo imeshika kutu: mlinzi aliikamatia kwa mikono miwili mpaka jasho likamtoka, wapi.

Baba Salma akaandika ujumbe: "Your bathroom leaks into our house." Akautuma, akakaa kusubiri. Mimi na mama mkwe tukaendelea kukinga: ndoo chini ya taa, beseni juu ya kochi, sufuria ya pilau mbele ya runinga.

Jibu likaja la kistaarabu. Asanteni kwa kunijulisha, nitamwomba mwenye nyumba alete fundi mwisho wa mwezi.

"Mwisho wa mwezi!" mama mkwe akang'aka. "Huyu ana moyo kweli?"

Moyo alikuwa nao, habari ndiyo hakuipata. Salma, aliye kidato cha pili, akachungulia simu akacheka. "Baba, 'leaks' ni jambo la siku zote. 'He works in a bank', hata kama leo yuko likizo. La sasa hivi ni 'is leaking'."

"Linavuja ni linavuja," Baba Salma akajibu. Kwa Kiswahili hana kosa, maana -na- yetu hubeba yote mawili. Aliyekata shauri ni mama mkwe, ndoo mkononi: "Mwanangu, wewe umemwandikia 'huvuja'. Nani atakimbilia 'huvuja'?"

Ukaenda ujumbe wa pili: "Water is pouring into our house." Baba Salma, keshanogewa na -ing, akataka kuongeza "We are needing the key". Salma akampokonya simu. Need, know, want na wenzao hawavai -ing hata nyumba izame. Hueleza hali, si tendo. Walipomaliza kubishana, zulia lilikuwa limelowa nusu.

Safari hii jibu halikuchelewa: "So sorry! I have an exam to supervise. I'm leaving at three." Baba Salma akaona "leaving", akapiga makofi: keshatoka! Fundi bomba aliyekuwa njiani akaambiwa arudi. Ilikuwa saa saba na nusu. Waingereza hutumia umbo hilohilo kwa safari iliyokwisha kupangwa, kwa hiyo mama wa watu alikuwa anatuahidi saa tisa. Tulimwaga ndoo mpaka mikono ikafa ganzi.

Usiku nikaichukua simu mwenyewe, maana mwezi uliopita maji yake yalishuka hadi ngazini. "You are always leaving the tap open."

"Mama, 'always' inakwenda na 'leave'," Salma akasema. "Ipo kwenye daftari."

Daftari halijaolewa ghorofa ya pili. Mtu akichoshwa, Kiingereza humruhusu "always" na -ing pamoja, ili kero isikike. Hata hivyo sikuutuma. Asubuhi alishuka mwenyewe, macho mekundu, na hela ya rangi mkononi. Baba Salma akamwambia asihangaike: "I am knowing a very good painter."

Salma akatoka sebuleni.