Siafu Wamefika Uani: Namna ya Kushindwa kwa Heshima

Hatua ya kwanza ni kuvua suruali. Miongozo mingine itakuambia uanze kwa kutulia. Walioiandika hawajawahi kupandwa na siafu. Siafu haumi akifika. Hupanda kimya kimya, akapita goti, akatafuta mahali palipojificha, na wenzake nao wakatafuta pao, ndipo wote waume kwa mpigo mmoja. Hapo mama mkwe awepo, mchungaji awepo, balozi wa nyumba kumi awepo, suruali itavuka. Majirani wa migombani wanaelewa. Wanageuza uso, wanacheka baadaye.

Ukimng'oa askari, kiwiliwili kitatoka na kichwa kitabaki kimeng'ang'ania ngozi. Rudi ukitoe kichwa peke yake, taratibu, kwa kucha. Usikitukane, hakisikii.

Ukishavaa tena, chukua tochi ukawasome. Kwa kawaida watakuja usiku au siku ya mawingu, ardhi ikiwa imelowa, kwa sababu jua kali huwakausha. Chuchumaa mbali kidogo na mstari. Pembeni utawaona askari wenye vichwa vikubwa, wamesimama wameinua taya wazi kuelekea juu, na katikati yao wadogo wanapita mbio. Angalia wamebeba nini. Wakiwa wamekumbatia vitu vyeupe vilaini chini ya tumbo, hao ni watoto wao: wanahama, wanapita tu, wapishe. Wakiwa wamebeba miguu ya mende na mabawa ya panzi, wanawinda, na stoo yako imo kwenye ratiba.

Sasa silaha. Majivu yanasaidia ukiyamwaga kwa wingi mbele ya mlango kabla hawajafika. Wakishaingia ni mapambo. Miguu ya kitanda cha mtoto iweke kwenye makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo. Maji ya moto unayomwagia mstari yataua mia kadhaa kati ya mamilioni, na waliobaki watatawanyika kila upande, ukiwemo upande wako. Malkia hayupo hapo. Yuko kiotani chini ya ardhi, pengine nje kabisa ya ua wako. Ndiye sisimizi mkubwa kuliko wote walio hai leo, urefu wake hukaribia sentimita 5, na hasara yako ya usiku mzima ataijaza kwa mayai kabla chai haijachemka. Jirani atakuja na petroli. Mshukuru, mpe kiti, mnyang'anye kiberiti.

Unaweza pia kujaribu kuwatisha kwa mikono na panga. Siafu watendakazi hawana macho.

Kwa wanaopenda njia za asili, tuwaite maadui wao. Wapo, tatizo ni masharti yao ya kazi.

Kakakuona ndiye wa kwanza kutajwa: hana meno, ana ulimi mrefu unaonata, na magamba yanayofanya kuumwa kuwe shida ya wengine. Lakini kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ukikutwa naye, maelezo kwamba ulimwajiri kwa ajili ya siafu hayatamshawishi hakimu. Tena akijitokeza mwenyewe kijijini, hutapata nafasi ya kumwonyesha stoo. Wazee watamwekea maji, nafaka na mkuki, wamtazame atakiendea kipi, wajue mwaka unaleta mvua, mavuno au vita. Mnyama mwenye kazi ya utabiri hatumwi kufagia.

Muhanga naye hula sisimizi na mchwa kwa bidii ya kupendeza. Atachimba usiku kucha bila malipo, na asubuhi utakuwa na shimo la kumficha mbuzi katikati ya mboga zako.

Anayebaki ni sokwe, na huyu kwa kweli ni fundi. Mwaka 1974 mtafiti William McGrew alieleza jinsi sokwe wa Gombe, kule Kigoma, wanavyowala siafu. Sokwe huvunja kijiti, hukipukuchua majani, hukichomeka kiotani. Siafu hukikwea kwa hasira. Wanapokaribia vidole, sokwe hukiinua na kukipitisha kwenye kiganja cha mkono wa pili kwa mvuto mmoja, fundo zima likaishia mdomoni, kisha hutafuna upesi upesi, maana huo ni mlo unaomla mlaji. Wengine huning'inia kwenye mti mdogo ili miguu isiguse chini. Na pamoja na ustadi wote huo hamalizi kiota. Anakula, anajikuna, anaondoka.

Ndege usiwahesabu. Katika msitu wa Kakamega wapo wanaofuata misafara ya siafu kila siku, lakini wanakula buibui na panzi wanaokimbia. Hao ni wageni waalikwa wa upande wa pili. Kuku wako ndio kabisa: ndani ya banda lililofungwa wao ni chakula, vifaranga kwanza. Ukifanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fungua banda, fungua vizimba vya sungura, mkate mbuzi kamba. Kisha mbebe mtoto na bibi asiyeweza kutembea, uhame wewe.

Ndiyo, uhame. Kabla ya kutoka, acha kabati wazi, inua magodoro, sogeza jiko. Nenda kwa yule jirani wa petroli, ukanywe chai yake. Siafu watapita kila ufa wa nyumba, watatoa mende, kunguni, panya na vitoto vyake, na nyoka kama yupo, kazi ambayo mpuliza dawa angekudai pesa ya awali na bado akubakizie harufu. Hawalali kwako. Wakishamaliza nyama, wanaondoka.

Rudi, kung'uta viatu, kung'uta mashuka, kung'uta kofia. Mende wakionekana tena baada ya wiki mbili, usiwalaumu siafu. Angalia chini ya sinki.