Kifungashio Kilichooza Kabla ya Kufika

Ndugu zetu wa Dar wana imani moja ya ajabu: wanaona mzigo ukishaingia kwenye boksi umeshafika. Mvua ya Kibondo hawaijui. Hawajui kwamba msimu wake ukishika, huku Busunzu hata kiberiti kinalala jikoni karibu na mafiga, la sivyo asubuhi utakwenda kuomba moto kwa jirani.

Shemeji yangu wa Dar ni muumini wa mazingira. Tangu Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, hataki kusikia jina la Rambo, kama tulivyoiita mifuko hiyo. Basi alipotutumia vikombe vya chai kwa basi, alivipanga kwenye boksi, na katikati akashindilia vipande vyepesi mithili ya bisi, vilivyotengenezwa kwa wanga. "Hivi havichafui mazingira, shemeji," akajisifu kwenye simu. "Ukivimwagia maji tu, vinayeyuka."

Vilimwagiwa, shemeji. Kazi hiyo ilifanyika njiani, bure kabisa.

Kondakta aliponikabidhi mzigo, mimi nilipokea boksi, yeye akabaki na kitako chake. Ndani ya kitako hicho kulikuwa na uji mzito, vishikio vya vikombe vikichungulia. Karani akanisogezea kalamu: "Saini hapo, mzee, mzigo umefika."

Boksi ni karatasi, na karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikamana. Unyevu ukipenya katikati yao, zinaachiana. Wala si lazima lilowe: hewa yenye unyevu wa asilimia 90 inaweza kulipunguzia karibu nusu ya nguvu zake. Ukilibebesha ndoo ya mawese ya abiria mwingine, limekwisha.

Na msidhani maji hutoka juu tu. Jirani yangu alimtumia mwanawe aliye Morogoro maharage kwenye mfuko wa khaki. Hayakuwa yamekauka sawasawa, kwa hiyo yalipanda basi na maji yake tumboni. Huku asubuhi ni baridi, Morogoro ni joto. Maharage yakahema, na bati la buti lilipopoa usiku, mvuke ukaligusa, ukageuka matone. Wenye meli wanaujua sana ugonjwa huu: kontena hutoka jasho darini, ndani kukanyesha huku nje hakuna hata wingu. Maharage yakakaa stendi siku kadhaa, na kijana alipoyafuata akapiga simu: "Baba, hii ni mboga au mbegu?"

Eti sisi ndio tufundishwe vifungashio vinavyooza! Bibi zetu walifunga kwa majani ya migomba kabla karatasi haijajulikana huku. Kitu kibichi walikifunga kwa jani bichi, lenye nta inayofukuza maji, wakilibabua kidogo motoni lisipasuke. Kitu kikavu kilipata jani kavu. Nao waliangalia safari: jani la kwenda gulioni halikutumwa Dar es Salaam.

Sitetei Rambo. Aliziba mitaro yetu, akaua ng'ombe, aende zake. Lakini mwenye kuuza kifungashio cha kuoza atuambie kitaoza lini na wapi, maana kati ya kiwanda na jalala kuna masika.

Shemeji ameahidi kutuma vikombe vingine. Nimemwambia avifunge kwa vitenge. Kitenge kikilowa kinaanikwa, kisha mama watoto anakivaa. Tangu asikie hivyo, mama watoto hataki tena habari za vikombe. Anauliza vifungashio vitafika lini.