Namna ya Kukwepa Nota Miaka Mingi: Mwongozo kwa Anayeanza Piano

Hongera wewe uliyeamua kujifunza piano. Labda umeshanunua kinanda cha vibonyezo 61 na kipo sebuleni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni za zamani. Mwalimu atakuambia kusoma nota si kazi ngumu: mistari mitano, nafasi nne, herufi saba, basi. Anasema kweli. Ndiyo maana mtu kupiga kinanda miaka kumi bila kujua kusoma nota ni ufundi wa hali ya juu. Ufundi huo upo, mabingwa wake wamejaa kwenye kwaya zetu, na hapa unapewa bure.

Anza na vibandiko. Andika C, D, E na wenzao kwenye vikaratasi vya rangi, ubandike kila kibonyezo cheupe. Piano kamili ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Hivyo vyeusi viache, havina nafasi ya kubandika. Kuanzia hapo macho yako hayatainuka tena kwenye karatasi. Watu wenye haraka zao watakueleza kwamba vyeusi vimepangwa viwili na vitatu, viwili na vitatu, ili mkono ujue ulipo bila jicho kushuka: C iko kushoto kwa vile viwili, F kushoto kwa vile vitatu. Mpangilio huo ni wa zamani kuliko piano yenyewe, ambayo Bartolomeo Cristofori aliitengeneza Florence kuelekea mwaka 1700. Usiwasikilize. Wewe una vibandiko.

Hatua ya pili ni penseli. Chukua karatasi ya wimbo na uandike jina la kila nota chini yake, ukurasa mzima. Kazi hiyo itakula jioni nzima na utalala ukijisikia msomi. Kesho yake utapiga wimbo wote kwa kusoma zile herufi, na mistari mitano itabaki pambo. Karatasi ikipotea, na wimbo umepotea.

Kama mwalimu hataki penseli, atakupa sentensi ya kukariri mistari. Wengi bado wanarithi ile ya Kiingereza, ya mvulana mwema anayestahili zawadi. Sisi tuna usafiri wetu. Mistari ya mkono wa kulia, kutoka chini kwenda juu, ni E, G, B, D, F: Enda na Gari, Basi, Daladala, Feri. Mkono wa kushoto mistari ni G, B, D, F, A: Gari, Basi, Daladala, Feri, Abiria. Sentensi ni ileile, imesogea kituo kimoja tu, na hapo ndipo penye utamu. Mstari wa pili kulia ni Gari. Mstari wa pili kushoto ni Basi. Kila ukiiona nota, anza kuhesabu kutoka chini, Enda, Gari, Basi, na ukifika kwenye Feri kwaya itakuwa imeshaingia ubeti wa pili. Kinga ya jambo hili inajulikana, ila inaharibu mchezo. Ufunguo wa sol umejikunja kuzunguka mstari wa pili, na hapo ndipo G. Vidoti viwili vya ufunguo wa fa vimeukumbatia mstari wa nne, na hapo ndipo F. C ya kati inakaa kwenye kimstari chake kifupi katikati ya mikono miwili. Mtu akizifahamu tatu hizo hahitaji kupanda gari lolote. Anapima umbali tu kutoka hapo.

Sasa tuje kwa wenye bahati zaidi, waliolelewa na solfa, ile ya do, re, mi. Mwanakwaya wa solfa haji mikono mitupu. Anaweza kuangalia d, m, s kwenye ubao na kuimba bila chombo chochote, jambo linalowashinda wapiga piano wengi wenye vyeti. Mfumo huo una asili yake Uingereza: mwalimu Sarah Glover wa Norwich alitengeneza wa kwake, mchungaji John Curwen akaurekebisha na kuueneza kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakautawanya Afrika kwa sababu herufi zinachapwa na mtambo wowote na kuandikwa kwa chaki. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliandika kwa solfa mwaka 1897 tuni ya ule wimbo ambao Watanzania wanauimba leo wakiwa wamesimama wima. Asikudharau mtu kwa solfa.

Ila do ya solfa inahama. Leo Do ni F, Jumapili ijayo Do ni G. C ya piano haihami hata siku moja. Mtu wa nota akipewa wimbo wa F anaona flati moja mwanzoni mwa mistari, anajua B imeshushwa, anaweka kidole kwenye F na kuanza. Wewe una njia fupi: kitufe cha transpozi. Piga kana kwamba wimbo uko C, vyeupe vitupu, halafu bonyeza mpaka ioneshe 5. Karatasi inasema F, spika inasema F, vidole viko C, na kichwa chako hakimjui hata mmoja wao. Ndiyo sababu unakuta mpiga kinanda hodari, mwenye sikio linalonasa wimbo mzima kwa kusikia mara moja, ambaye ukimwekea mbele nota za mistari anaanza kutafuta miwani asiyokuwa nayo.

Hasara ya transpozi ni ndogo. Umeme ukikatika katikati ya Utukufu na kurudi, vinanda vingi vinakuwa vimesahau ile 5 na kuanza upya kwenye sifuri. Soprano watafurahi kwa muda, kwani sauti imeshuka. Besi watashuka nayo mpaka wasisikike. Mwalimu wa kwaya atakutazama, na wewe tazama kinanda, kana kwamba kimekusaliti.

Kuhusu mapigo sitakuchosha. Nota nzima ni mapigo manne, nusu mawili, robo moja, na ya nane nusu pigo. Hayo utayajua kwa siku moja na kuyapuuza maisha yako yote. Kuna mtego mmoja tu unaostahili heshima. Sita kwa nane na tatu kwa nne zote zina nota sita za nane katika kila kipimo. Ya kwanza inazigawa tatu-tatu, ya pili mbili-mbili-mbili. Nyimbo nyingi za kwaya zetu zinayumba kwa tatu-tatu, na mwili wako umeizoea tangu ukiwa mgongoni mwa mama. Kwa hiyo ukikutana na nota sita usiangalie zimefungwa vipi kwa vijiti vyake vya juu. Yumba tu. Kama wimbo ulikuwa wa tatu kwa nne, waimbaji ndio watakaojikwaa.

Karatasi zenyewe zitakusaidia. Tafuta fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, ile ambayo mashine imekata ukingo wa kushoto. Huko ndiko zinakokaa shapu na flati za mwanzo, pamoja na zile namba za mapigo. Ukiikosa, fungua nota kwenye simu yenye kioo kilichopasuka na uitegemeze kwenye kitabu cha nyimbo, ili ukifika katikati ya ukurasa ijizime yenyewe.

Wenye watoto watauliza kuhusu mitihani. Bodi ya ABRSM ya London, ambayo watahiniwa wa huku kwetu pia hufanya mitihani yake, ina mtihani wa alama 150 na kufaulu ni 100. Kusoma nota ambazo hujawahi kuziona kuna alama 21. Piga hesabu: unaweza kukosa zote 21 na bado ukafaulu, mradi mengine umeyafanya vizuri. Mtoto hupewa nusu dakika ya kuutazama ule wimbo, na anaruhusiwa kujaribu kupiga kipande chake. Mtoto aliyefunzwa kwa mwongozo huu huitumia kukaa kimya kwa adabu, mikono mapajani.

Mbinu ya mwisho ndiyo mama yao. Kariri. Chagua wimbo mmoja mzuri, mgumu kuliko uwezo wako, uuchimbe kipimo kwa kipimo kwa miezi mitatu. Wageni watapiga makofi. Wakiomba wa pili, sema vidole vimechoka.

Mwongozo huu una maadui, na ni haki uwajue. Mmoja ni mwalimu anayekutandikia khanga juu ya mikono ili usiione. Mwingine anashika kadi na kufunika kipimo unachopiga, jicho lilazimike kwenda kwenye kinachofuata, maana anayesoma nota macho yake yako mbele ya vidole vyake daima. Wa tatu hakuulizi hata jina la nota. Anakuonesha kwamba nota inayotoka mstarini kwenda nafasi ya jirani ni kibonyezo cheupe cha jirani, na inayotoka mstari kwenda mstari unaofuata inaruka kimoja. Anakuonesha d, m, s zimebebana mstari juu ya mstari kama mishikaki kwenye kijiti, na kwamba umbo hilo likihama kwenda F au G linabaki lilelile. Hapo solfa yako na mistari vinaanza kusalimiana, na transpozi inakosa kazi.

Walimu wa namna hiyo hawakupi wimbo mkubwa. Wanakupa kitabu cha nyimbo za watoto, chepesi mpaka unaona aibu, na sharti la kupiga ukurasa mpya kila siku, polepole, bila kusimama hata ukikosea. Ukimkuta mmoja wao na bado unataka kukwepa nota, muombe ruhusa urudie ukurasa wa jana. Hatakubali. Anajua kwamba wimbo uleule ukiupiga mara ya tatu husomi tena, unakumbuka.