Shangazi Mkaidi Anajibu: Niwe Mimi, Lakini Sare Ni Shilingi Ngapi?

Wiki hii barua zote zimekuja na ugonjwa mmoja. Kila mtu anataka kuwa yeye mwenyewe, na kila mtu ana ndugu, bosi au mzee mwenye maoni tofauti. Waliouliza dawa ya kumrudisha mume wasubiri wiki ijayo.

*Shikamoo Shangazi. Ninaolewa Desemba. Mimi na mwenzangu tunataka watu arobaini, pilau nyumbani, basi. Mama ameshaunda kamati yenye mwenyekiti, mweka hazina na kundi la WhatsApp la watu mia mbili, wengine wala siwajui. Kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna sare tatu za kitenge. Nikisema sitaki, naulizwa kama nataka kuwaaibisha. Nifanyeje nibaki kuwa mimi? – Bi Harusi Asiyeulizwa, Sinza.*

Marahaba mwanangu. Nianze na habari mbaya: hiyo si harusi yako. Yako ni ile dakika moja ambapo unaulizwa mbele ya mashahidi na wewe unajibu. Yaliyobaki ni mkutano mkuu wa wadai na wadaiwa. Mama yako amechanga tangu hujaanza shule. Amenunua kadi za singo na za dabo, ameshona sare alizovaa jioni moja tu kisha zikaishia kuwa foronya. Kila shilingi iko kwenye daftari, na kama hakuna daftari basi iko kifuani. Wewe ndiye siku yake ya kulipwa. Halafu unamletea watu arobaini na pilau!

Sisemi hivi ili uinamishe kichwa. Ila vijana siku hizi mnazungumzia shinikizo la ukoo kana kwamba ni ubaya mtupu, na hapo mimi siko pamoja nanyi. Kundi hilohilo la watu mia mbili, lenye picha za maua kila alfajiri, ndilo litakalokodi Coaster usiku wa manane mtu akifia Dar na kaburi liko Korogwe. Anayejitoa kwenye sherehe zao aseme mapema ataingiaje kwenye misiba yao. Kwa hiyo usichanganye mambo mawili. Kukataa ukumbi ni haki yako. Kuacha kuchangia wengine ni kukimbia deni, hata ukilipamba kwa maneno mazuri ya kujitambua. Kila kadi inayokuja ichangie, na harusi yako iwe ndogo. Mlipaji ana haki ya kukataa keki.

Chagua pia vita. Kicheni pati mwachie mama, maana ile ni yake na mashoga zake. Hapo vaa hata hiyo sare ya kitenge. Ukumbi ukatae leo, kabla kianzio hakijalipwa, kwa sababu kikishalipwa hata malaika hawezi kukirudisha. Na usimwambie "nataka kuwa mimi". Yeye atasikia "sitaki kuwa wako". Mwambie hela ya ukumbi mnanunulia kiwanja. Mbele ya kiwanja hata mwenyekiti wa kamati husalimu amri.

Utakuwa umedanganya? Basi nunua kiwanja.

*Shangazi, mimi ni Mmasai wa Longido, nalinda hoteli ufukweni Unguja. Mwajiri anataka nivae shuka nyekundu, shanga, sime na katambuga. Siku ya mapumziko navaa jinzi na jezi ya Simba. Wageni wakiniona hivyo wanauliza kama mimi ni Mmasai kweli. Wazee nyumbani nao wakiona picha wanasema nimepotea. Halisi ni yupi? – Masai (ndivyo wanavyoniita wote), Nungwi.*

Swali hili lina historia tamu, kaa chini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwaandama Wamasai wavae suruali. Vazi lao, lubega, lilionekana aibu kwa taifa linalotaka maendeleo. Miaka hiyohiyo, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, Dar es Salaam iachane na sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Sababu ikawa kwamba mambo hayo si utamaduni wetu. Wasichana wakavamiwa Kariakoo. Magazeti yakafurika barua za wasomaji wakitukanana kwa heshima, na nikisoma habari za wakati ule naona wivu kwamba sikuwa na safu.

Sasa tazama vizuri. Morani aliambiwa vazi lake ni la kienyeji mno. Msichana wa mjini aliambiwa lake si la kienyeji vya kutosha. Waliosema hivyo ni watu wa chama kimoja na serikali moja, na wengi wao hawakuwa wavaaji wa sketi fupi wala lubega. Leo mwenye hoteli anakuvua suruali ileile ambayo babu zako walisukumwa kuivaa, na yeye pia anaiita kazi hiyo kulinda utamaduni. Nimefikia hatua kwamba mtu akinijia na neno "asili" mdomoni, mimi huangalia kwanza mkononi ameshika nguo gani.

Na hiyo shuka yenyewe! Mababu wa mababu zako walivaa ngozi. Pamba ililetwa na biashara, wakaipenda nyekundu, wakaifunga walivyotaka, ikawa yao mpaka leo hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa ngeni. Hakuna aliyewapangia zamu ya kuivaa. Kwa mantiki hiyo hata jezi ya Simba ina matumaini, ingawa mimi ni Yanga na kwa hilo sina huruma na wewe.

Ushauri wangu ni wa pesa. Vazi unaloamriwa kuvaa saa za kazi ni sare. Sare hununuliwa na mwajiri, na kama picha yako inaleta wageni, basi ina bei. Mkubaliane, tena kwa maandishi. Mgeni akikuuliza siku ya mapumziko kama wewe ni Mmasai kweli, mjibu kwa Kimasai, maneno marefu, bila kutabasamu. Wazee usiwatumie picha. Nenda mwenyewe, ukae, usalimie kila mtu kwa rika lake, uulize habari za mvua na ng'ombe. Mwenye kuyajua hayo hawezi kuitwa aliyepotea kwa sababu ya jinzi.

*Shangazi, tumepata mtoto wa kiume. Mimi nataka aitwe Joseph. Mzee wangu anasema jina la kizungu ni utumwa, apewe la ukoo tu. Mama anasema asiye na jina la ubatizo ni mpagani. – Baba wa Asiye na Jina, Lubumbashi.*

Hongera, na poleni. Mzee wako bila shaka anakumbuka enzi za Mobutu. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na 1972 raia wakaamriwa kuyaacha majina ya kigeni. Rais mwenyewe akalitupa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Ulaya alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Tai ikapigwa marufuku, wanaume wakavaa koti liitwalo abacost ili waonekane Waafrika wa kweli. Abacost za wakubwa zilishonwa na kampuni ya Arzoni, Zellik, nchini Ubelgiji. Soma sentensi hiyo tena polepole, halafu msomee mzee.

Usimcheke lakini. Inawezekana kabisa kwamba jina la ukoo ndilo jambo pekee katika amri zile ambalo angelichagua bila kuamriwa. Muulize hivyo, kwa upole, mkiwa wawili. Akisema angelichagua, basi analidai kwa haki, na lisiachwe. Vyeti vya kwenu vina nafasi tatu za majina: mpe mzee moja, ukoo wa mkeo moja (naona hakuna aliyemuuliza aliyezaa), na Joseph akae mwisho amfurahishe mama. Mtoto mwenyewe akifika darasa la tano atajiita jina la mshambuliaji wa TP Mazembe, na wote mtakuwa mmeshindwa.

*Shangazi, mke wangu analalamika kwamba sisalimii wageni, sioshi vyombo, na nasema chochote kinachonijia mdomoni. Mimi ndivyo nilivyo. Siwezi kuigiza ili kuifurahisha jamii. – Halisi, Nakuru.*

Bwana Halisi, osha vyombo. Ukimaliza sahani, kuna sufuria ya ugali imelowekwa tangu jana.