Sifa za Q, Herufi Isiyo na Mtetezi

Haijapata kutokea herufi ya kuchukiwa kama Q. Mchezaji wa Scrabble akiitoa mfukoni, uso humkunjika kama aliyeletewa bili ya umeme ya jirani. Ana kete saba mbele yake, anatakiwa azipange zimpe neno la Kiingereza, na moja kati ya hizo inadai iandamane na U kila iendako. U zenyewe ziko nne tu katika mfuko mzima wa kete 100. Tena mchezo ukiisha Q ingali mkononi, mashindanoni mpinzani huongezewa pointi 20 za bure. Mashtaka yote hayo ni ya kweli, na bado Q inastahili kusifiwa.

Mtu wa heshima husifiwa kwanza kwa wazee wake. Q ni ya ukoo wa Wafinisia, walioiita qoph, na ndugu yake wa damu ni qaf ya Kiarabu. Ilipita kwa Wagiriki, ikalelewa na Warumi. Waingereza wa kale hawakuwa na haja nayo: neno malkia waliliandika cwen, na mambo yakaenda. Ni baada ya uvamizi wa 1066 ndipo makarani wa Kinormani walipowaletea mtindo wa kuandika qu. Kwa hiyo ile U isiyobanduka ni ndoa ya kulazimishwa, Q haikuulizwa.

Kisha akaja mbunifu wa Scrabble, Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Alihesabu herufi kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la The New York Times ili ajue kila moja aipe kete ngapi na thamani gani. E ikapata kete 12 za pointi moja moja. Q ikapata kete moja tu, ya pointi 10, sawa na Z. J na X, zinazojiona sana, zina 8.

Hapa wasomaji wa Mombasa na Unguja wasogeze viti. Nje ya Marekani na Kanada wachezaji wengi hufuata orodha ya Collins, yenye maneno zaidi ya 270,000, na humo Q imejitwalia uhuru wake. Mnakubalika qadi, qibla, talaq, waqf, niqab na faqir, yote bila U. Mchezaji wa London inambidi ayakariri usiku. Aliyekulia Lamu ameyasikia tangu utotoni: mjomba aliitwa na kadhi, jirani kapewa talaka, shamba lile ni la wakfu. Kazi yake ni kuiondoa K, maana alfabeti ya Kiswahili haina Q kabisa, na kukata irabu ya mwisho pale inapozidi. Waqf peke yake ina pointi 19 kwa herufi nne. Hata mirungi imo, kwa jina la qat, pointi 12 halali kabisa, pamoja na kwamba Tanzania mmea wenyewe ni marufuku.

Tuseme mchezaji ameshika A, B, I, N, Q, R na T. U hakuna. Mwenye pupa hurudisha kete mfukoni na kuipoteza zamu yake. Mwenye subira huiweka Q pembeni, akazizungusha zile sita nyingine moja moja mbele na nyuma yake. Kwanza huona QI, nguvu ya uhai ya Wachina, pointi 11. Halafu QAT. Kisha TRANQ, kifupi cha dawa ya kumtuliza mtu, pointi 14. Mwisho macho yakizoea, NIQAB inajitokeza na pointi 16. Lakini mjuzi huenda asiishike hiyo ndefu. Akipata mraba wa kuzidisha herufi mara tatu ulio kando ya I iliyokwisha kuwekwa ubaoni, akaiweka Q hapo na kusoma QI kwa kwenda kulia na QI nyingine kwa kushuka chini, anaandikiwa 62 kwa kijineno cha herufi mbili. Wamarekani walikuwa wakiinyima ruhusa QI mpaka mwaka 2006; miaka yote hiyo walijinyima wenyewe.

Mwaka huohuo wa 2006, seremala mmoja wa Massachusetts, Michael Cresta, aliandika QUIXOTRY kwa pointi 365 na kumaliza mchezo na 830. Asemaye Q ni mkosi amuulize yeye.

Mkubwa zaidi ni Karl Khoshnaw, aliyeandika CAZIQUES mjini Manchester mwaka 1982. Hao ni machifu wa wenyeji wa visiwa vya Karibi. Herufi zake zina jumla ya 28. Q iliangukia mraba wa kuzidisha mara mbili, ikawa 38. Neno liligusa miraba miwili ya kuzidisha neno zima mara tatu, yaani mara 9, likafika 342. Ongeza 50 za kumaliza kete zote saba: 392. Z nayo ilikuwemo na pointi zake 10, ila yenyewe iliangukia mraba wa kawaida.