Sifa za Kufuli Lisilofunga Kitu

Kwenye kibodi ninayoandikia, herufi A imefutika. Imebaki alama hafifu isiyosomeka, kama maandishi ya bango lililokaa juani miaka kumi. I nayo iko njiani, na N na K zinaifuata. Ndivyo Kiswahili kinavyokula vitufe: neno moja tu, “wanakaribiana”, linaita A mara tano. Q na X, kwa upande wao, zinang’aa kama siku zilipotoka kiwandani, maana alfabeti yetu haizihitaji, na mimi huzigusa tu ninapotunga nenosiri la kumsumbua mwizi. Nilidhani hizo mbili ndizo zenye maisha mepesi kuliko zote, mpaka siku niliyokuwa nikiifuta vumbi kibodi kwa brashi ya rangi, nikakuta kitufe ambacho hata alama ya kidole hakina. Kiko juu, upande wa kulia, katikati ya Print Screen na Pause. Kimeandikwa Scroll Lock.

Nimeamua kukisifu. Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, na mkuu wa wilaya husifiwa kila anapofungua choo cha shule. Kitufe hiki hakijawahi kupata hata ubeti mmoja, ingawa kimekaa kazini zaidi ya miaka arobaini bila kudai nyongeza ya mshahara. Kuanzia hapa nitamwita mzee, maana umri anao.

Mzee huyu ni mmoja wa ndugu watatu, makufuli ya kibodi. Caps Lock ni wa ukoo wa taipureta, na kelele zake tunazijua: umguse kwa bahati mbaya, unajikuta umemwandikia mkurugenzi barua ya kuomba likizo kana kwamba unamfokea. Num Lock ni mnafiki. Unaandika namba ya siri mara tatu, mara tatu inakataliwa, kisha unaambiwa akaunti imefungwa, na yeye ametulia pembeni taa yake ikiwa imezimwa. Scroll Lock hajawahi kumgombanisha mtu na bosi wake. Taja kitufe kingine chenye rekodi hiyo. Usinitajie Insert, ambaye ukimgusa tu anaanza kutafuna herufi ulizokwisha kuandika, moja baada ya nyingine, huku wewe ukiangalia vidole vyako.

Habari za ujana wake si za kubeza. Alikuja na IBM PC iliyotoka Agosti 1981 Marekani, kwenye kibodi ya vitufe 83, akiwa amekaa kona ya juu kulia jirani na Num Lock. Skrini ya siku zile ilionyesha mistari 25, kila mstari herufi 80, basi. Kipanya hakikuwepo mezani. Ukitaka kuona mstari wa 26 ulikuwa na mishale tu, na mishale ilikuwa na kazi mbili zisizopatana: kukuhamisha wewe, au kuhamisha kile unachokitazama. Mtu mmoja hawezi kusimama na kutembea kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mzee alipowekwa kuamua. Akiwa amelala, mshale unakuhamisha. Akiwa macho, wewe unabaki ulipo na ukurasa ndio unaotembea.

Tena alikuwa na cheo cha pili. Ubavuni mwake paliandikwa Break, na ukimbonyeza pamoja na Ctrl alisimamisha programu iliyopagawa, kama askari wa barabarani anavyonyanyua mkono mbele ya daladala. Mwaka 1984, IBM ilipotoa PC/AT, kibodi ikatiwa taa tatu ndogo, moja ikawa yake peke yake. Taa ya serikali! Kuna watu wamehudumu hadi kustaafu bila kupewa hata tochi.

Sasa, methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo la mzee ni kwamba kila mwenye nyumba alidhani jirani ndiye atakayempa. IBM walitengeneza kitufe. Kukitii waliwaachia waandishi wa programu. Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyotoka mwaka 1983, ilimpa jembe na akalima vizuri. Wengine wakampita kama hawamwoni. Kisha mwaka 1996 Microsoft wakatoa kipanya chenye kigurudumu katikati, na ulimwengu mzima ukajifunza kusogeza ukurasa kwa kidole kimoja huku mkono mwingine umeshika kikombe cha chai. Tangu hapo mzee amekaa barazani.

Tanzania ilipoanza kuwasaka watumishi hewa mwaka 2016, nilimtazama kwa wasiwasi, kisha nikaona kesi yake ni kinyume. Mtumishi hewa hayupo ila mshahara wake upo. Huyu yupo, anafika kila siku kabla ya wote, amekaa kwenye kiti chake amenyooka, na mshahara hana.

Nani alisema hana kazi? Nami nilisema hivyo, mpaka siku moja ya kuandaa mishahara katika ofisi niliyoajiriwa zamani. Mhasibu wetu alikuwa ndani ya Excel na majina mia tatu na ushee, ghafla mishale ikamgeuka. Akibonyeza wa chini, hahami. Jedwali zima ndilo linapanda kama pazia, na kile kiboksi kinachoonyesha yuko wapi kinatokomea nje ya skrini. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, maana wengi wetu tunaamini kompyuta ni kiziwi. Likapanda kwa kasi zaidi. Akaitwa kijana wa IT, akasema kibodi imekufa. Ikaletwa nyingine, ugonjwa ule ule. Basi ni kirusi, akasema, na akaanza kutamka maneno ya kutisha kama kufuta na kupiga Windows upya. Kuizima na kuiwasha hakuna aliyetaka kusikia, kwa kuwa mashine ile iliamka kwa muda ambao jirani yako angeweza kuchemsha maharage. Huko nje, kwenye korido, watu walikuwa wameshaanza kuulizana kama mshahara utatoka kabla ya Ijumaa.

Aliyetuokoa ni katibu muhtasi, mama mtu mzima aliyeanza na taipureta akahamia Lotus kabla kijana wa IT hajazaliwa. Alikuwa anapita na sahani ya mihogo. Akauliza mnalilia nini. Akainama, akasoma maneno yaliyoandikwa chini kabisa ya dirisha, kona ya kushoto, ambayo sote tulikuwa tumeyatazama bila kuyaona: Scroll Lock. Akanyoosha kidole chenye mafuta ya mihogo, akabonyeza mara moja. Taa ya tatu ikazimika. Mishale ikarudiwa na akili.

“Ahsante mama,” kijana akasema. “Nilikuwa nakaribia kufika hapo.”

“Najua, mwanangu.”

“Lakini hicho hasa ni cha nini?”

Mama akavunja kipande cha muhogo. “Umewahi kupanga foleni ya maji?”

“Sana.”

“Ndoo yako unaiacha kwenye mstari, wewe unakwenda mbele kuchungulia kama bomba linatoa. Ukirudi, ndoo ipo pale pale. Basi huyo ndiye anayekushikia ndoo.”

Nimesoma vitabu kadhaa vya kompyuta, na sijaona maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Jedwali la Excel tangu toleo la 2007 lina mistari 1,048,576. Uko mstari wa kumi, unataka kulinganisha na kilichoandikwa mstari wa mia tisa, na hutaki kupoteza nafasi yako. Mwamshe mzee, teremka kwa mishale, tazama utakavyo. Ukianza kuandika tu, Excel inakurudisha ilipo ndoo. (Kigurudumu cha kipanya nacho kinafanya hivyo, najua, usinikatize. Hii ni hotuba ya sifa, na kwenye hotuba ya sifa mshindani hakaribishwi jukwaani.)

Na wapo wanaomjua kwa mambo mazito zaidi. Katika mfumo wa Linux, kwenye ile skrini nyeusi isiyo na madirisha, maandishi yanapoporomoka kama mvua ya masika, mbonyeze mzee na mvua inasimama hewani. Mbonyeze tena, inaendelea. Na moyo wa mfumo huo unapopatwa na kiharusi, skrini imeganda na hakuna kinachoitika, kwenye mashine nyingi zenye kibodi za plagi ya mviringo ni taa yake pamoja na ya Caps Lock zinazopepesa kuomba msaada. Wenzake wengine wote wamezimia. Aliyeitwa mzembe ndiye anayepiga mayowe.

Katika vyumba vya seva kuna visanduku vinavyoiwezesha kibodi moja kutumikia kompyuta kadhaa. Unahamaje kutoka mashine hii kwenda ile? Kwenye visanduku vingi unamgonga Scroll Lock mara mbili haraka, kama unayebisha hodi. Hapa nataka msomaji asimame kidogo, kwa sababu ndipo utukufu wa mzee ulipo. Mafundi waliotengeneza visanduku hivyo walitafuta kitufe ambacho karibu hakuna programu inayokitegemea, ambacho ukikibonyeza hakiharibu kazi ya mtu. A ana shughuli. Enter hapumui. Esc anaitwa na kila aliyekosea. Walipopita kibodi nzima wakakuta mmoja tu mwenye nafasi. Yaani alipata kazi hiyo kwa sifa moja, kwamba hakuwa na kazi. Kila ukoo una mjomba wa namna hiyo, ambaye siku zote anasemwa kuwa amekaa tu, na siku ya msiba ndiye pekee anayepatikana kwenda kufuatilia kibali cha mazishi.

Microsoft nao walimwona. Ndani ya Windows kuna mpangilio uliofichwa ambao, fundi akiuwasha, mtu akishikilia Ctrl ya kulia na kumbonyeza Scroll Lock mara mbili, kompyuta inaanguka papo hapo na skrini ya kosa ikatokea. Kwa makusudi. Wahandisi hutumia njia hiyo kuchunguza mashine iliyoganda, kama daktari anayehitaji kupasua ili aone. Fikiria: kati ya vitufe vyote, upanga wa kuua mashine nzima wamemkabidhi mpole huyu, na kwa miaka yote hajamtishia mtu. Ningempa Caps Lock upanga huo, tusingefika Jumatano.

Uzeeni wamempa kibarua kingine, ambacho sijui kama nicheke au nilie. Zile kibodi za bei poa zenye taa za rangi, wanazozipenda vijana wa magemu, zinahitaji swichi ya kuwasha mwanga. Nyingi kati yake zimemteua yeye. Mtu aliyesimamisha programu mwaka 1981 leo analinda swichi ya disko. Anaifanya, hanung’uniki.

Wala hakununa mwezi wa Januari 2024, Microsoft ilipotangaza kitufe kipya cha kuitia akili mnemba, na mgeni huyo akapewa kiti cha mbele, safu ile ile ya kitufe cha nafasi, kabla hata hajaonyesha cheti. Mzee alikuwa amemwona mgeni kama huyo mwaka 1994, Windows ilipopata kitufe chake. Alisogea tu. Siku hizi anasogezwa mpaka nje.

Juzi alinipigia mpwa wangu. “Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo, ila Excel imeganda. Mishale inavuta jedwali lote.”

Nikamwuliza kona ya chini kushoto pameandikwa nini. Kimya kidogo. “Scroll Lock.”

“Basi kibonyeze hicho kitufe.”

“Hakipo, mjomba. Nimetafuta kibodi nzima.”

Laptopu yake ni mpya, nyembamba kama chapati ya maji. Asubuhi alikuwa amechomeka kibodi ya ofisini, akaichomoa na kuondoka na laptopu, na mzee akawa amebaki macho ndani yake. Waliompunguza kwenye kibodi ili mashine iwe nyembamba hawakuipelekea Excel taarifa ya msiba. Nikamwelekeza mpwa afungue ile kibodi ya kwenye skrini ambayo Windows imewawekea watu wenye shida ya mikono. Ikatokea, vitufe vyote vimepangwa kama picha ya harusi.

“Angalia upande wa kulia.”

“Kuna kimoja kimeandikwa ScrLk. Kimewaka.”

“Ndiye huyo.”

“Mjomba, kwani huyu ni wa nini?”

“Mbonyeze kwanza,” nikamwambia, “halafu nikueleze habari ya ndoo.”