Mwongozo kwa Anayetaka Kiti Kwenye Okestra

Wahenga walisema chema chajiuza. Hawakuwahi kukaa kwenye usaili wa okestra, ambako chema huuzika vizuri zaidi kikifunikwa. Basi wewe uliyehitimu juzi, unayeamini kwamba kinachotakiwa ni kupiga ala vizuri tu, soma maelekezo haya kabla hujakata tiketi.

1. Chagua ala inayokupasa

Ukiwa mwanamke, anza na kinubi. Vienna Philharmonic, iliyoanzishwa mwaka 1842, ilikuwa ya wanaume watupu, lakini kinubi kilihitaji mtu, na Anna Lelkes akaanza kukipiga mwaka 1971. Uanachama? Vuta subira. Alipewa mwaka 1997. Miaka 26 si kitu kwa mtu anayependa kazi yake.

2. Vua viatu

Kuanzia miaka ya 1970, okestra nyingi za Marekani zilianza kuweka pazia kati ya msailiwa na jopo. Huitwi kwa jina, unaitwa kwa namba. Mlio wa visigino unaweza kukusema kabla hujagusa ala, kwa hiyo hutandikwa zulia, au unaombwa uingie peku. Ajabu ni jinsi kitambaa kile kinavyozibua masikio ya majaji: katika okestra tano kubwa za nchi hiyo, wanawake hawakufika asilimia 5 mwaka 1970, lakini miaka ya 1990 walikuwa karibu robo. Wachumi Claudia Goldin na Cecilia Rouse walipekua kumbukumbu za usaili na mwaka 2000 wakahitimisha kuwa pazia lilichangia ongezeko hilo.

3. Ukiwa Mweusi, usiwe na haraka

Mwaka 1969 Art Davis, mpiga kontrabasi, na Earl Madison, mpiga cello, waliishtaki New York Philharmonic kwenye tume ya haki za binadamu ya jiji hilo, wakisema wamenyimwa kazi kwa rangi yao. Wakati huo okestra ilikuwa na Mweusi mmoja tu wa kudumu, mpiga fidla Sanford Allen, aliyeajiriwa mwaka 1962. Mwaka 1970 tume ilikubali kwamba kulikuwa na ubaguzi katika kuchukua wapigaji wa muda. Ama ajira za kudumu walizoziomba wawili wale, ikasema ubaguzi haukuthibitika. Mlango wa vibarua ulikutwa na kosa, mlango mkubwa ukasalimika. Takwimu za shirika la okestra za Marekani zinaonyesha Weusi walikuwa asilimia 1.8 ya wanamuziki mwaka 2014, na asilimia 2.4 mwaka 2023. Kwa mwendo huo, mhimize mjukuu wako aanze mazoezi.

4. Usishangilie pazia likifunguliwa

Mwaka 1980 Munich Philharmonic ilimwalika kwenye usaili Bwana Abbie Conant, mpiga tromboni. Walikuja 33, wakapiga nyuma ya pazia, na namba 16 akawamaliza wote. Pazia likafunguliwa: Bwana kumbe ni Bibi. Baada ya muda wa majaribio akashushwa hadi tromboni ya pili, na alipokwenda mahakamani ikabidi akapimwe mapafu na kutolewa damu sikioni ili ijulikane kama pumzi zinamtosha. Zilimtosha. Kesi za cheo na mshahara zikamla zaidi ya miaka kumi, naye akazishinda.

Elayne Jones wa San Francisco Symphony alipata kiti cha timpani mwaka 1972, naye akiwa nyuma ya pazia. Mwaka 1974 kamati ya wapigaji wenzake, ambao sasa walikuwa wakimwona kila siku, ikamnyima ajira ya kudumu.

5. Usichungulie mshahara wa jirani

Elizabeth Rowe, aliyekuwa mpiga filimbi mkuu wa Boston Symphony, alichungulia, akaona mpiga obo mkuu aliyeketi kando yake anamzidi kwa maelfu ya dola. Mwaka 2018 akafungua kesi, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana. Mpiga obo mwenyewe alisema waziwazi kwamba mwenzake ni sawa naye. Jirani wa namna hiyo usimtegemee sana, hapatikani kwa urahisi.

6. Ukichoka, jenga yako

Chi-chi Nwanoku, mpiga kontrabasi wa Uingereza, alianzisha okestra ya Chineke! mwaka 2015, ikiwa na wapigaji wengi Weusi na wa jamii nyingine zilizosahauliwa. Ghafla waliokuwa wakisemwa hawapatikani wakajaza jukwaa la London.

Mwisho, ukiambiwa kwamba siku hizi mambo hayo yamekwisha, usibishe. Uliza tu kwa adabu pazia lao huondolewa raundi ya ngapi. Okestra nyingi huliondoa raundi ya fainali, pale mshindi anapochaguliwa.